Rusizi Haimo Kwenye Tamthilia

Kampuni ya Canal+ ya Ufaransa ilipoinunua Zacu Entertainment mwaka 2022, mazungumzo mengi yaliyofuata yalikuwa ya fedha. Waigizaji watalipwa vipi? Kamera gani zitaletwa? Je, uigizaji wa Rwanda umefikia kuwa kazi ya kumlea mtu na familia yake? Maswali hayo yana haki yake, kwani Zacu ndiyo iliyotupa City Maid, tamthilia iliyowakalisha Wanyarwanda mbele ya Televisheni ya Rwanda kwa misimu mingi, na walioitolea jasho walistahili malipo mema. Lakini mtaji mkubwa unapoingia katika hadithi za nchi ndogo, kuna swali jingine linalofaa kuulizwa mapema, kabla mazoea hayajageuka kanuni: ni Wanyarwanda gani watakaoonekana humo? Naliuliza nikiwa Rusizi, wilaya ya pembe ya kusini-magharibi ambako nchi tatu zinakutana. Jibu langu ni kwamba hadi leo watu wa huku hawamo, na kwamba kukosekana kwao kunalipunguzia taifa zima uwezo wa kujijua.

Tamthilia za Kinyarwanda zilizovuma zaidi katika miaka kumi hivi iliyopita zina makao mawili. La kwanza ni Kigali, na wala si Kigali yote. Ni nyumba yenye geti, sebule pana, gari uani, na ndoa inayovunjika kwa sababu ya urithi au ya simu iliyosahauliwa mezani. La pili ni kijiji, na kijiji hicho hakina wilaya. Hujui kama ni Nyagatare kwenye ng'ombe au Nyaruguru kwenye chai. Watu wake wanalima, wanakunywa pombe ya urwagwa, wanagombana na majirani, na kazi yao kubwa ni kutuchekesha. Seburikoko, iliyoanza kurushwa katikati ya miaka ya 2010, ndiyo mfano bora wa aina hiyo, na nasema bora kwa maana kamili ya neno, kwa sababu Gratien Niyitegeka ni mchekeshaji wa kipaji adimu na mhusika wake ana ujanja na udhaifu wa mtu wa kweli. Kasoro si yake. Kasoro ni kwamba waliomfuata waliokota kicheko wakaacha utu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 13.2 nchini, Kigali ilikuwa na milioni 1.7 hivi, na asilimia 72 ya wananchi wote waliishi vijijini. Sehemu ndogo ya nchi imepewa mapenzi, tamaa, usaliti, biashara na msiba. Iliyobaki imepewa mzaha.

City Maid nayo itendewe haki. Kiini chake ni Nikuze, aliyeigizwa na Laura Musanase, msichana anayetoka kijijini na kwenda Kigali kufanya kazi za ndani. Kwa miaka mingi mfanyakazi wa ndani katika michezo ya kuigiza ya ukanda huu alikuwa mtu wa kufungua mlango, kuleta chai na kuondoka. Kumweka katikati, tuone nyumba ya tajiri kwa macho yake, ulikuwa uamuzi mzito, na umaarufu wa tamthilia hiyo ulionyesha kwamba watazamaji walikuwa tayari zamani. Hata hivyo, angalia njia aliyopitishwa Nikuze. Ili hadithi imjali, ilibidi apande gari aende mjini. Kwao ni mahali pa kuondoka tu. Hakuna kinachotokea kule baada ya yeye kufunga mzigo.

Sasa fikiria Rusizi, wilaya yenye watu zaidi ya 480,000. Mji wa Kamembe unatazamana na Bukavu ya Kongo, na kila kukicha wanawake wanavuka daraja la mto Rusizi na mboga, mayai, kuku na matunda, wauze ng'ambo na kurudi kabla mpaka haujafungwa. Kuna familia ambazo shangazi yuko upande huu na mjomba upande ule, na harusi moja inahitaji fedha za aina mbili. Mipaka ilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona, riziki hiyo ilikatika ghafla, na kila nyumba iliyokuwa ikiitegemea ilibidi ibuni maisha upya. Katika ziwa Kivu kuna wavuvi wa sambaza wanaotoka jioni na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wakipiga makasia kwa nyimbo, warudi alfajiri. Samaki huyo mwenyewe aliletwa Kivu kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo hakuna anayemwona mgeni. Ukishuka Bugarama unaingia joto jingine kabisa: mashamba ya mpunga, kiwanda cha saruji cha CIMERWA, Burundi hatua chache mbele, misikiti, na Kiswahili kinachozungumzwa sokoni bila mtu kuomba radhi. Upande wa Shagasha kuna wachuma chai. Nyuma yao kuna msitu wa Nyungwe. Na chini ya yote hayo kuna historia ambayo wanafunzi wengi hawajawahi kuiona ikiigizwa: Bukunzi na Busozo, falme ndogo zilizokuwa na wafalme wao hadi Wabelgiji walipozizima katika miaka ya 1920. Mwanahistoria Catharine Newbury aliitumia Kinyaga, yaani nchi hii hii, kueleza katika kitabu chake cha mwaka 1988 jinsi ubwana na utwana vilivyojengwa Rwanda. Wasomi wa mbali wameona kwamba pembe hii inaweza kuifafanua nchi nzima. Waandishi wetu wa tamthilia bado.

Huenda mtu akauliza hasara iko wapi. Ni mchezo tu. Mwenye kuvuka daraja ataendelea kuvuka, awemo kwenye runinga asiwemo. Ningekubali laiti hadithi zingekuwa hazifanyi kazi yoyote katika vichwa vya watu. Lakini zinafanya, na Afrika Mashariki ina ushahidi wake. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, na kwa miaka miwili ya mwanzo Dodoma haikurushiwa, ili watafiti waweze kulinganisha. Mchezo ule ulikuwa na Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njiani, na wasikilizaji walimfuatilia mpaka kuanguka kwake. Kulikosikika mchezo, matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka kuliko Dodoma. Dodoma nayo ilipofunguliwa, mabadiliko yakaanza kuonekana. Brazil hali ilikuwa hivyo hivyo, tena bila mtu kukusudia kufundisha. Wachumi waliochunguza tamthilia za kituo cha Globo walikuta kwamba wahusika wakuu wengi wa kike hawakuwa na mtoto, au walikuwa na mmoja tu. Kila mahali kituo hicho kilipoenea, uzazi ulipungua, na wazazi wakaanza kuwapa watoto majina ya wahusika. Hakuna aliyesimama kwenye skrini akasema zaeni wachache. Watu waliona namna ya maisha inayotukuzwa, wakaifuata.

Ikiwa ndivyo, basi kijana wa Gihundwe au Nkombo, huku Rusizi, anayekua akiona kwamba maisha yenye uzito yanapatikana kwenye sebule ya Kigali anajifunza jambo, hata kama mwandishi hakukusudia kumfundisha. Anajifunza kwamba biashara ya mama yake ni ya muda, kwamba lafudhi yake ni ya kuificha, kwamba Kiswahili chake ni alama ya mtu wa kushukiwa. Na mtoto wa Kigali naye anajifunza. Siku atakapokuwa afisa, mwalimu au mtoa mikopo wa benki, atamtazama mwanamke wa mpakani kwa picha moja tu aliyonayo kichwani, na picha hiyo itakuwa ya kuchekesha. Huyu wa pili ananitia wasiwasi kuliko yule wa kwanza, kwa sababu yeye ndiye atakayekuwa na mamlaka.

Pingamizi zito zaidi halihusu burudani wala fedha. Linatoka katika historia yetu, na anayelipuuza hastahili kusikilizwa. Linasema hivi: Rwanda imelipa gharama isiyosemeka kwa ajili ya kuwagawa watu kwa aina zao. Vitambulisho vilivyoandikwa kabila viliingizwa na Wabelgiji katika miaka ya 1930 na kubaki hadi 1994. Nchi ikavifuta, ikapiga marufuku ubaguzi katika katiba, na tangu 2013 inatembea na mpango wa Ndi Umunyarwanda, yaani Mimi ni Mnyarwanda. Kwa nini turudi kuhesabu nani yumo na nani hayumo? Hofu hiyo ni ya kweli, na simtetei mtu anayetaka tamthilia zigawe nafasi kwa ubwoko, yaani kabila. Wala sidai mhusika yeyote avae lebo.

Lakini tuangalie kwa makini sumu ya 1994 ilikuwa ya namna gani. Redio ya RTLM, iliyoanza kutangaza mwaka 1993, haikupendwa kwa hotuba kavu. Ilipendwa kwa muziki, kwa mazungumzo ya kijiweni na kwa vichekesho. Ilichukua watu mbalimbali, wakulima, walimu, wauguzi, watoto, ikawabana wote katika sura moja, kisha ikaifanya sura hiyo ya kuchekwa na ya kuogopwa. Ubinafsi wa kila mtu ulifutwa kwanza. Mahakama ya kimataifa ya Arusha ilipowatia hatiani wakuu wa vyombo vya habari Nahimana, Barayagwiza na Ngeze mwezi Desemba 2003, dunia ilikumbushwa kwamba maneno yanayosikika kila siku kwa mazoea yanaweza kuandaa mauaji. Sifananishi mchekeshaji yeyote wa leo na redio ile. Itakuwa dhuluma kwa wachekeshaji na dharau kwa waliouawa katika Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi. Ninachosema ni kwamba somo la wakati ule limesomwa nusu. Tulielewa kwamba kuwagawa watu ni hatari. Hatukuelewa vya kutosha kwamba kuwabana katika sura moja ni hatari pia, na kwamba dawa yake ni kuwaona watu wengi, kila mmoja na jina lake, tamaa yake, kosa lake na ndoto yake.

Tena Rwanda yenyewe imekwisha kuonyesha kwamba kazi hii inawezekana. Mwaka 2004 shirika la La Benevolencija lilianzisha redioni mchezo wa Musekeweya, kuhusu vijiji viwili vya kubuni, Bumanzi na Muhumuro, vinavyogombania ardhi yenye rutuba iliyo kati yao. Hakuna kabila linalotajwa. Kuna uongozi mbaya, uvumi, shambulio, wakimbizi, na kuna Batamuliza na Shema, vijana wawili wanaopendana kutoka pande zinazochukiana. Kila msikilizaji alielewa, na hakuna aliyeweza kusema ameelekezewa kidole. Mtafiti Elizabeth Levy Paluck aliwafuatilia wasikilizaji kwa mwaka mmoja, wakiwemo watu wa jamii ya walioachwa nyuma na historia, yaani Watwa, manusura na wafungwa, akawalinganisha na waliosikiliza mchezo mwingine wa afya. Matokeo yake, yaliyochapishwa 2009, hayakuwa ya kishabiki: imani za ndani za watu hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni jinsi walivyoona kile kinachokubalika katika jamii, na walivyotenda. Walithubutu zaidi kupingana waziwazi, na walipoachiwa redio moja ya kugawana, waliamua kuitunza kwa pamoja kuliko wenzao walivyofanya. Matokeo hayo yananishawishi hasa kwa sababu ni ya kiasi. Tamthilia haimwongoi mtu. Inabadilisha anachodhani majirani zake wanakiona kuwa cha kawaida, na mara nyingi hilo linatosha.

Musekeweya iliweza kwa sababu ilijali mahali. Ilijua bonde liko wapi na nani anateremka kuchota maji. Ukiwa na mahali, huhitaji lebo. Unaweza kuwa na mfinyanzi ambaye wazee wake waliishi msituni na ambaye leo hana ardhi ya kutosha hata ya udongo wa vyungu vyake. Mtazamaji ataelewa bila kuambiwa. Unaweza kuwa na mfanyabiashara wa Bugarama anayefunga Ramadhani huku akifikiria bei ya mchele, na dini yake ikawa sehemu ya maisha yake badala ya kuwa mada ya kipindi. Wanaoogopa utofauti kwa nia njema wanadhani njia pekee ya kuuonyesha ni kuutangaza. Mwandishi mzuri hautangazi, anaupa kazi ya kufanya.

Pingamizi la pili ni la soko: watu wanataka kuona nyumba nzuri, na mpiga kura wa mwisho ni mtazamaji. Sijui ni mtazamaji gani anayesemwa. Kwa miaka mingi Wanyarwanda walijaza vibanda vya agasobanuye, kutazama filamu za Hong Kong, Marekani na India zikisimuliwa kwa Kinyarwanda na wasimulizi kama Nkusi Thomas, aliyeitwa Yanga na kufariki mwaka 2022, kama Watanzania walivyokuwa na Lufufu na Wakenya DJ Afro. Msimulizi mahiri hakufasiri tu. Alimpa mpiganaji wa kigeni ucheshi wa nyumbani. Watu walilipa ili wageni wafanywe majirani. Ni vigumu kuamini kwamba watu hao hao watamkataa jirani halisi akiletwa na hadithi nzuri. Na Kenya imekwisha kujibu kwa vitendo. Jiffy Pictures ya Lulu Hassan na Rashid Abdalla iliingiza Citizen TV tamthilia ya Maria, kuhusu msichana wa mtaa wa mabanda, na mwaka 2022 ikaleta Sultana, ambayo mhusika wake mkuu ni binti asiyeona. Zote mbili zilikuwa za Kiswahili, zilirushwa saa ambazo familia zimekaa pamoja, na zilipendwa mno. Kipofu hakuwekwa pale kuombewa. Aliwekwa apendwe, adanganywe na akasirike. Na hapa kwetu Rwanda, kule Rubavu, watu wenye ulemavu wanaovusha mizigo mpakani kwa baiskeli za magurudumu matatu ni sehemu ya uchumi wa kila siku. Tamthilia inayojiita ya maisha ya Wanyarwanda inawapita vipi?

Wapo pia wanaodhani madai kama haya yataishia kwenye hesabu ya nani anaruhusiwa kumwigiza nani. Hapo ninatofautiana na baadhi ya wenzangu wa Ulaya na Marekani, ambako mjadala umejikita sana kwenye asili ya mwigizaji. Benson Wanjau wa Kenya, aliyefariki Julai 2015, alikuwa Mkikuyu, na kwa miongo mingi Wakenya walimjua kama Mzee Ojwang', Mjaluo wa kipindi cha Vitimbi. Walimpenda Wajaluo na wasio Wajaluo. Kuna walioona kwamba lafudhi aliyoiga ilikuwa mzaha wa kabila, na katika nchi iliyomwaga damu baada ya uchaguzi wa 2007 lazima wasikilizwe. Lakini Ojwang' alikuwa na nyumba, mke mwenye kauli, hasira, njaa na heshima ya kutafuta. Lafudhi ilikuwa yake, haikuwa yeye mzima. Kipimo changu kipo hapo: ukimwondolea mhusika lafudhi, kinabaki nini? Kikibaki mtu, mwigizaji yeyote hodari amchukue. Kisipobaki kitu, hata mwigizaji aliyezaliwa Kamembe hawezi kumwokoa. Ndiyo maana ninaanzia kwa mwandishi wa muswada, si kwa mwigizaji. Chumba cha waandishi ambacho hakuna hata mmoja aliyewahi kungoja foleni ya mpakani kitaandika mpaka wa kubuni wenye askari wawili na gunia.

Lugha nayo ni sehemu ya jambo hili. Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, miaka kumi baada ya Rwanda kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, lakini hadhi ya sheria haijafika kwenye hadithi. Kwa muda mrefu Kiswahili nchini kilihusishwa na jeshi, soko na wahuni, na mwandishi akiupokea urithi huo bila kuupima, atamkabidhi Kiswahili baunsa na mwizi. Huku Kamembe kinazungumzwa na muuza vitenge, mama anayejadili bei, wapenzi wa pande mbili za mto, shekhe, fundi na mwanafunzi. Mtu anaanza sentensi kwa Kinyarwanda, anaimalizia kwa Kiswahili, na neno la Kifaransa linapita katikati. Tamthilia iliyoandikwa hivyo, yenye maandishi ya tafsiri chini pale inapohitajika, ingesikika kweli kwa mara ya kwanza.

Na tamthilia kama hiyo haitahitaji ruzuku ya huruma. Shirika la utangazaji la taifa, RBA, lina redio ya jamii hapa hapa, RC Rusizi, na michezo ya redio ni shule ya bei nafuu ya kulea waandishi. Urunana, mchezo wa redio ulioanza mwaka 1999, umethibitisha kwamba wasikilizaji wanaweza kuwafuata wahusika wa kijiji kwa zaidi ya miaka ishirini bila kuchoka. Canal+ inauza ving'amuzi Kigali, inauza Bujumbura, inauza Kongo. Tangu Septemba 2025 inamiliki pia MultiChoice, na kwa hiyo chaneli za Maisha Magic zinazorusha tamthilia za Kiswahili kutoka Dar es Salaam na Nairobi ziko nyumba moja na Zacu TV. Mtandao wa usambazaji umekwisha kujengwa. Hadithi ya mwanamke mmoja wa Kamembe, mumewe mvuvi, dada yake aliyeolewa Bukavu na mwana wao anayefanya kazi ya saruji Bugarama ingeeleweka katika nchi tatu bila kufasiriwa, na ingekuwa na wateja katika zote. Wenye kuidhinisha misimu mipya wawatume waandishi wawili watatu huku kwa miezi michache, wawatafute wenyeji wanaoandika, wawalipe, wawape muda wa kusikiliza kabla ya kuandika sehemu ya kwanza.